Mchanga Chini ya Bunduki ya Malachie

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia vilima vya Butembo, na Mariette Kavugho anafinya kifuko kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Anafumua mshono. Anaongeza mchanga. Anafinya tena.

Kifuko hiki cha turubai, kikubwa kama mkate, huwekwa chini ya kitako cha bunduki. Mlenga shabaha hulala kifudifudi, mkono mmoja ukikifinya: akikaza, kitako kinapanda, akilegeza, kinashuka. Kikijazwa ovyo, bunduki inacheza na risasi inakwenda kusalimia mlima.

Mariette ni fundi wa sare za shule. Siku njema hushona sita. Wakati wa likizo, hata kiraka hakiji. Ndipo kambi moja ya mafunzo upande wa Beni ikamwagiza ashone vifuko. Vya kwanza alivijaza kwa akili ya jikoni: alitia maharagwe.

"Yalikaa muzuri kabisa," anasema. "Lakini kisha wiki moja, vifuko vikarudi tupu. Bale basoda, askari ba kule kambini, balikuwa na njaa!"

Jirani yake Katungu, muuza sombe, majani ya muhogo, hajasahau. "Mama Malachie, leo umetia na chumvi?"

Mariette anacheka, kisha kicheko kinakatika. Malachie, mwanawe wa pekee, anajifunza kambini humo. Kesho ni mtihani wa shabaha. Watakaopiga vizuri watapelekwa vitani Eringeti, ambako habari zake huwafanya akina mama wazime redio. Watakaokosa watabaki kulinda lango.

Na kifuko atakachotumia kesho ndicho hiki.

"Nikijaza nusu, bunduki itacheza, mutoto atabakia," anasema kwa sauti ndogo.

"Donc basi, jaza nusu!" Katungu anadakia. "Nani atajua?"

"Mimi. Na siku baadui batafika kwenye lango, risasi yake itaenda wapi? Hapana, Katungu."

Anamimina mchanga mpaka kipimo chake, anashona mara mbili, anakata uzi kwa meno.

Gari la Beni linapiga honi. Anamkabidhi dereva kifuko, anasimama hadi vumbi litulie. Kisha anarudi kwenye cherehani na kuokota kipande cha turubai kilichobaki. Kifuko cha kambi hakipelekwi vitani, kwa hiyo anataka kushona kingine chepesi, cha pumba za mpunga, Malachie akibebe mgongoni.

"Kule mu pori, nani atamushikilia kitako?" anauliza.

Katungu anamshikia turubai. Safari hii Mariette ndiye anayetania, bila kuinua macho: "Na pumba, hata asikie njaa namna gani, hatazikula."