Barua Zilizotoka Ofisini Kwetu

Asubuhi ile simu ya mkuu wetu haikutulia. Ofisi za wenzetu zililalamika kwamba tunawatumia barua pepe za ajabu, zenye viambatisho ambavyo hakuna aliyeviomba. Kufikia saa nne hata barua zetu za kweli zilikuwa zinakataliwa. Mtu wa TEHAMA nilikuwa peke yangu katika jengo lile la serikali la Ihumwa, na mkuu aliniambia maneno mawili tu: "Tafuta chanzo."

Nilikaa mbele ya skrini. Kumbukumbu za mtandao za jana yake zilionyesha barua zote zimetoka kwenye kompyuta yenye anwani moja. Nikaitafuta katika orodha ya kompyuta zetu: masjala. Sikungoja. Nilishuka ngazi mbilimbili.

Masjala ilishikwa na mama mmoja wa Kondoa, aliyebakiza miezi michache astaafu. Dirishani kwake watu walikuwa wamejaa, wanafuatilia majalada yao.

"Shikamoo, mama. Umefungua nini kwenye kompyuta hii?"

"Marahaba. Nifungue nini, mwanangu? Mimi nasajili barua tu."

"Kuna kirusi humu. Wewe ndiye unayetuchafulia jina."

Nilisema kwa sauti. Watu wakatazamana. Mama alivuta ushungi wake, nami nikachomoa nyaya na kuondoka na mashine yake.

Nilipoikagua, ilikuwa safi. Na barua bado zilikuwa zinatoka.

Nikajifungia kwenye kichumba cha seva. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, kila mara nikitazama skrini kama zimekoma. Utumishi wakagonga mlango, mtandao umekatika. Manunuzi wakagonga. Nikaendelea kuchomoa. Ulibaki waya mmoja, wa meza yangu. Nilipouchomoa, barua zikakoma. Nikaurudisha, zikaanza tena. Nilirudia mara tatu, nikiomba majibu yabadilike.

Mtandao wetu hugawa anwani upya kila asubuhi, na hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Kwa haraka yangu nilikuwa nimelinganisha kumbukumbu za jana na orodha ya leo. Jana anwani ile ilikuwa yangu. Kirusi kilikuwa kwenye kompyuta mpakato yangu. Kiliingia na programu ya bure niliyoipakua nyumbani Miyuji ili nitazame mpira.

Ningeweza kunyamaza. Nilitoka nje, nikazunguka maegesho mara mbili vumbi likinipiga usoni, kisha nikapanda kwa mkuu na kumweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. "Na yule mama?" akauliza.

Nilishuka masjala, nikamkuta mama anaandika kwa mkono kwenye daftari kubwa. Dirishani hapakuwa na mtu.

"Mama, kirusi kilikuwa kwangu. Naomba unisamehe."

Alimaliza mstari wake kwanza. "Asubuhi ulinisema mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi njoo kesho saa tatu. Watakuwepo."

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake saa tatu nilisimama dirishani pale, nikayasema yote kwa sauti ileile. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Haya," mama akasema. "Sasa niunganishie mashine yangu."

Zilipita wiki kadhaa kabla barua zetu hazijapokelewa tena kila mahali. Mama alistaafu mwaka uleule. Mpaka siku yake ya mwisho, kila nilipoingia masjala aliniuliza, bila kutabasamu, "Leo umehakikisha?"