Matundu Matano kwenye Karatasi ya Tatu

Kanisani kwetu Carrollton, hapa Texas, wananiita Afande. Pasta ananiita hivyo, akina mama wa jikoni wananiita hivyo, hata watoto wa Sunday school ambao Kiswahili chao kinaishia hapo. Jina lilianza Jumapili yangu ya kwanza, nilipotambulishwa kwamba nimetoka Kenya juzi na huko nilikuwa polisi. Ni kweli nilikuwa polisi. Nilikuwa bendi! Miaka tisa nilipuliza tromboni kwenye sherehe na mazishi ya wakubwa, na bunduki niliigusa chuoni tu, wakati wa mafunzo, risasi chache ambazo zote zilikwenda kwa Mungu. Lakini nani aliniuliza? Wiki nzima nilikuwa nimeinama ndani ya tumbo la ndege nikipakia masanduku ya watu, hakuna anayejua jina langu, halafu Jumapili mtu mzima ananipigia saluti. Niliitika.

Tena nikatia chumvi. Siku moja baada ya ibada, wazee wamezunguka meza ya mandazi, mmoja akauliza kama nimewahi kukabiliana na majambazi. Nikawapa kisa cha wezi wa benki na jinsi tulivyowafukuza hadi ndani ya mashamba ya kahawa, risasi zikilia huku na huku. Kisa ni cha kweli, ila si changu, nilikisikia kantini. Nilikisimulia vizuri mno, na shida yangu yote imetoka hapo.

Mwaka jana mwanamume mmoja tusiyemjua aliingia kanisani katikati ya mahubiri, akapita hadi kwenye mlango wa darasa la watoto, akasimama pale akichungulia kioo, kisha akatoka akaenda zake. Hakufanya lolote. Lakini hapa Marekani tunasoma habari za watu kupigwa risasi makanisani na shuleni kama wengine, na akina mama hawakulala wiki hiyo. Wakenya tukiogopa huwa tunaunda kamati. Kamati ya usalama ikaundwa, na mwenyekiti, ambaye anafuga mbuzi nje ya mji, akatoa bunduki yake iwekwe kwenye kabati la chuma ofisini. Lilipofika suala la nani atasimama na hiyo bunduki karibu na mlango wa watoto, hakuna aliyefikiri mara mbili. Pendekezo likatolewa, likaungwa mkono, likapita. Mimi nilikuwa nimenyanyua kikombe cha chai. Binti yangu wa miaka sita yuko katika darasa hilo.

Nilijaribu kujitoa, msinione bwege. Nilimwendea pasta nikamwambia sistahili. Akanishika bega akasema unyenyekevu wangu ndio unaomhakikishia kwamba ni mimi. Sasa hapo unajibu nini?

Kisha wakaanza kubishana kwenye grupu ya WhatsApp kuhusu risasi. Wengi walitaka zile za bei ya chini, za kiwandani, zinazouzwa kwa makasha kama misumari. Wengine wakahofia kwamba risasi rahisi haziendi zinakoelekezwa. Mwenyekiti akakata shauri, zinunuliwe aina tatu za hizo rahisi, kasha moja moja, na Afande akazijaribu alete ripoti.

Katibu wa kamati alinipitia nyumbani Euless Jumamosi asubuhi. Ni dereva wa malori, mtu mwema, mwenye maneno mengi kuliko barabara anazopita. Alikuja na daftari la kumbukumbu za mikutano, kalamu mbili na thamosi ya chai. Njia nzima alinisifu, na mimi nilitazama nje tu nikiomba tairi lipasuke.

Uwanja wa shabaha una meza za saruji chini ya paa la mabati, mifuko ya mchanga ya kuegemeza bunduki, na yadi mia mbele yako karatasi zenye duara jekundu. Msimamizi alikuwa mzungu mzee mwenye shati la rangi ya chungwa. Akipuliza filimbi, kila mtu anaweka silaha chini na kurudi nyuma ya mstari wa manjano, ndipo mnakwenda kubadilisha karatasi. Kazi ya kujaribu risasi ni rahisi kuieleza: unapiga tano mahali pamoja, na matundu yakikaribiana, risasi ni nzuri. Kitu ambacho hakuna mwanakamati aliyekifikiria ni kwamba mpigaji lazima awe mzuri kwanza. La sivyo unapima nini?

Nilianza na zile za maganda ya chuma. Nilijitia vizibo masikioni kwa ajili ya mlio. Nikavuta. Nikavuta tena. Filimbi ilipolia tulikwenda kutazama, na kwenye karatasi kulikuwa na matundu matatu, moja kona ya juu, moja chini kabisa, la tatu likiwa limechana ukingo. Mawili hayakuonekana popote.

"Ala!" katibu akasema. "Zingine ziko wapi?"

"Hizi ni takataka," nikamwambia, nikakunja uso kama mtu anayejua. "Haziendi pamoja kabisa."

Akaandika: Aina ya kwanza, hazifai. Akapigia mstari. Nilimwona anavyoandika kwa uangalifu, nikajichukia, lakini pia nilipata nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayoniaibisha zaidi nikikumbuka. Aina ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Matundu manne, sinia la pilau lisingeyafunika. Nikasema takataka, akaandika takataka.

Kabla ya aina ya tatu simu yake ililia, ni mzigo wa Houston, akaenda kuzungumzia garini kwa sababu ya kelele. Nilipakia risasi za kasha la tatu, nikaketi, nikapiga moja. Mkono ukaniangukia begani taratibu. Alikuwa yule mzee wa shati la chungwa.

"Ndugu, si risasi," akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Unafumba macho kabla hujavuta. Nimekutazama tangu ulipoanza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilipotazama garini katibu alikuwa bado anazungumza, nikamjibu mzee kwa sauti ya chini kwamba najua. Filimbi ilipolia alinibandikia karatasi mpya yeye mwenyewe, tukarudi, akaniomba ruhusa, akaketi kwenye kiti changu. Akapiga tano, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayepanda maharagwe. Nilitazama kwa darubini. Kikombe cha chai kingeyafunika matundu yote.

"Hizi za bei nafuu hazina neno," akasema. "Njoo Jumanne, kuna darasa la wanaoanza." Akaondoka kwenda meza nyingine.

Filimbi ikalia tena, na katibu akarudi akikimbia ili asipitwe. Alifika kwenye karatasi kabla yangu. Nilimsikia akipiga kelele, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Afande! Afande wewe! Kumbe!" Akanikumbatia kabisa, mbele ya watu. Akatoa simu akapiga picha, matundu yote matano na kidole gumba changu pembeni, maana aliniambia nishike karatasi. Nilishika, naye akaituma kwenye grupu hapo hapo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nataka hilo lieleweke, nilikuwa na nafasi, kutoka pale kwenye karatasi hadi kwenye meza ni yadi mia, na tulitembea pole pole. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni, grupu yote inajibu. Amina. Mungu ametupa mlinzi. Mama mmoja mwenye mapacha katika lile darasa aliandika kwamba leo atalala. Nilifunga mdomo.

Jumapili iliyofuata niliitwa mbele. Ripoti ilikuwa imesomwa, aina ya tatu imepitishwa, makasha yameagizwa. Nilipiga magoti, wazee wakaniwekea mikono kichwani, na ufunguo wa kabati ukawekwa kiganjani mwangu. Nilisikia uzito wa mikono yao wote, nikajisikia kama niliyefukiwa.

Darasa la Jumanne nilikwenda, na jingine, na jingine, nikimdanganya mke wangu kwamba ni zamu. Mwalimu ni mvumilivu. Najua kila kitu sasa, pumzi, bega, kidole. Lakini mlio unapokaribia macho hujifumba yenyewe, na matundu yanatawanyika vile vile. Siku moja nilichukua karatasi yangu nikaipeleka kanisani kukiwa hakuna mtu, nikaishika mbele ya mlango wa darasa. Ukijumlisha na risasi zilizokosa karatasi kabisa, mlango ulikuwa mwembamba kuliko mtawanyiko wangu. Nilikaa chini kwenye zulia, nikalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo bunduki haina risasi. Kila Jumapili nafungua kabati, najiinamia pale nikijifanya napakia, kisha nasimama kwenye ukumbi nimevaa suti, magazini ya bunduki ikiwa tupu. Nimeona afadhali hivyo kuliko mimi mwenyewe nimpige mtoto wa mtu. Watu wakipita wananipigia saluti, nami naitikia kwa kichwa. Kisingizio cha kuacha kazi hii nimekitafuta, sijakipata. Nikisema nimechoka, watanipa msaidizi. Nikisema ukweli, akina mama wale watajua wamelala miezi yote hii wakilindwa na nini.

Mke wangu anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na Jumapili ndiyo siku yake ya pekee ya kupumzika. Alikuwa akiketi mbele, karibu na kwaya. Siku hizi amehama, anaketi kiti cha mwisho kabisa, kando ya mlango ninaposimama, na amemtoa binti yetu darasani anamweka mapajani. Nilimuuliza kwa nini.

"Kukitokea kitu," akasema, "nataka tuwe nyuma yako."

Nikamwambia sawa.