Binamu Aliyeongea Kama Bibi Yetu

Bi Fefa wa duka la dawa aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, saa mbili asubuhi, akaniuliza kama nimemeza kidonge changu cha presha. Hapo hapo nikajua kuna mtu amekufa. Hapa Moca, mjini kwetu, hakuna anayekupa habari ya kifo moja kwa moja. Kwanza wanahakikisha hutaanguka.

"Nimemeza," nikasema. "Ni nani?"

"Kaa kwanza, Zunilda."

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama wima, kisu mkononi, ndizi mbichi imemenywa nusu.

"Erasmo hajisikii vizuri."

"Hajisikii vizuri kiasi gani?"

"Sana."

"Fefa, anapumua?"

Akatazama sufuria yangu kama vile jibu limo ndani. "Hilo ndilo tatizo lenyewe, mwenzangu," akasema, kisha akaanza kulia yeye kabla yangu.

Moyo ulikuwa umesimama akiwa kwenye benchi la karakana ya majeneza, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja. Hakusumbua mtu. Nikafanya ishara ya msalaba, nikamwombea, kisha nikamaliza kumenya ndizi zote zilizokuwemo kwenye beseni, maana sikujua mikono iende wapi. Zilikuwa ndizi za watu kumi na wawili na nyumbani niko peke yangu.

Erasmo alikuwa mtoto wa shangazi yangu, lakini alilelewa na bibi yetu Ercilia huko New York tangu ana miaka miwili. Shangazi alifariki mapema, Mungu amrehemu. Bibi alikuwa mwanamke wa Moca wa zamani, wa mashamba ya mihogo, na hakujifunza Kiingereza hata cha kuomba maji. Mtoto akitoka nje anaongea Kiingereza na wenzake. Akiingia ndani anasikia Kihispania cha mtu mmoja tu. Na bibi yetu, tumseme kwa heshima zote, alikuwa na maneno ya aina mbili: ya kugombeza na ya kusali.

Oktoba mwaka 1987 bibi akafariki huko, na Erasmo akamleta kwenye jeneza ili azikwe kwao. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alitoka uwanja wa ndege amevaa suti nzito ya sufu, jasho linachuruzika, akamwona baba yangu Anselmo kwa mara ya kwanza maishani. Baba alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwoka mikate, mtu anayeogopwa mtaani. Erasmo akamkumbatia mjomba wake, akamtazama toka juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Anselmo, viatu gani hivyo? Watu watasema huna mama."

Baba akageuka kumtazama mama yangu. "Huyu kijana ni mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatoa pole, kwa maneno aliyokuwa nayo.

Tukamzika bibi, tukamaliza sala za siku tisa, na Erasmo hakuondoka. Alimwonyesha baba kwa mikono kwamba kule hana mtu, na chumba kilikuwa kwa jina la bibi. Alitaka kubaki kwao. Baba akakaa, akafikiri, akatoa hukumu mezani tukiwa tunakula.

"Mwanamume mzima hakai nyumbani mwangu kama kabati. Nampa mpaka sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari. Siku hiyo akiwa hana kazi, namkatia tiketi anarudi alikotoka."

"Anarudi kwa nani, Anselmo?" mama akauliza. "Kwa ukuta?"

"Atafute kazi."

"Si umpe hapo kwenye tanuri?"

Baba akampa. Ilidumu siku nne. Siku ya nne mke wa mwalimu mkuu aliomba mikate mitamu sita, Erasmo akampa miwili na kumwambia, "Inatosha. Umeshanenepa, na Kwaresima bado mbali." Baba alimtoa dukani akimshika kola ya shati. Na akaongeza sharti: kazi ni mahali penye bosi anayekugombeza. Vinginevyo si kazi, ni matembezi.

Basi akaanza kuzunguka mji na suti yake ya sufu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari na sina la kufanya, nikatumwa kumsindikiza nimtafsirie. Kutafsiri nini? Maneno yenyewe yalieleweka vizuri sana. Ndiyo yaliyokuwa balaa.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi meneja alimuuliza anajua kufanya nini. Erasmo akasimama kwa adabu, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Kwanza nyoosha mgongo. Na hayo masikio umeyasafisha lini?"

Kwenye kiwanda cha sigara alimwambia msimamizi avae sweta. Joto lilikuwa la kukaanga yai.

Benki walitaka mlinzi. Mwenye kuajiri akamuuliza, "Ukimwona mwizi anaingia, utafanya nini?"

Erasmo akafikiri kwa makini. "Nitamwambia asubiri baba yake arudi nyumbani, ndipo atajua."

Tukitoka pale nilimwambia, "Binamu, kwa jina la Bikira, kwa nini unawaambia hivyo?"

Akanijibu kwa shida, neno moja moja, "Mimi natafuta maneno. Bibi anatangulia."

Sikuwa na la kumlaumu. Nilirudi nyumbani nikawasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira wa Altagracia, nikamwomba amzuie bibi kidogo, saa za kazi tu.

Tatizo la pili lilikuwa Jumatatu. Hapa kwetu mtu hakwambii hapana usoni. Ni utovu wa adabu. Anakwambia, "Rudi Jumatatu." Wewe unashukuru, unaondoka, hamuonani tena, na kila mmoja amebaki na heshima yake. Mtoto mdogo anajua hilo. Erasmo hakujua. Alikokulia, Jumatatu ilikuwa siku ya juma. Kwa hiyo watu watano waliomwambia arudi Jumatatu walimwona Jumatatu, saa mbili kamili, suti imepigwa pasi. Wakamwambia tena arudi Jumatatu. Akarudi tena.

Kufikia Desemba, meneja wa vifaa vya ujenzi alikuwa anajificha nyuma ya mifuko ya saruji. Kule benki walimwambia bosi amesafiri, na bosi yuko pale pale amejifunika gazeti. Kiwanda cha sigara walifunga lango. Mwenye baa ya pembeni ya bustani alianza kufungua Jumatatu saa sita mchana. Ni mmoja tu aliyeendelea kumpokea, Mzee Eligio wa majeneza, na huyo ni kwa sababu alikuwa na mguu mbovu, hawezi kukimbia.

"Kijana wako karudi tena," aliniambia siku moja, kwa uchovu. "Akae kwenye benchi. Asiseme kitu. Wateja watafikiri ni mfiwa."

Nyumbani baba alikuwa ametundika kalenda jikoni na kuzungushia tarehe sita kwa kalamu nyekundu. Mama alipika Krismasi nguruwe wa kuoka na wali wa mbaazi, lakini Erasmo alikula kidogo. Usiku ule nilimsikia anasali rozari nzima peke yake chumbani, haraka haraka, kama mtu anayetembea njia aliyoizoea. Hakukwama hata neno. Niliona ajabu, kisha nikalala.

Jumatatu ya mwisho ilikuwa tarehe nne. Milango minne ilikuwa imefungwa. Tukaenda kwa Mzee Eligio, Erasmo akakaa kwenye benchi lake mikono magotini. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, maana baba alishauliza bei ya tiketi.

Ndipo akaingia dereva mmoja wa lori la ndizi, jitu la kugusa dari, jina lake Toribio, pamoja na dada zake wawili. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri. Walikuja kuchagua jeneza, na walikuwa wanagombana tangu barabarani.

"Jeupe!" dada mmoja anasema.

"Jeupe ni la bikira, mama kazaa watoto tisa!"

"Tazameni hili," anasema Mzee Eligio, "lina vishikio vya shaba..."

"Nani kakuuliza wewe vishikio?" Toribio akafoka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, kamasi anafuta kwa mkono. Dada zake wakamrukia Toribio mwenyewe. Mzee Eligio akarudi nyuma taratibu kuelekea mlango wa uani, kwa kadiri mguu ulivyomruhusu.

Erasmo akasimama.

"Erasmo, kaa," nikanong'ona. "Kaa, binamu, nakuomba."

Akamwendea lile jitu, akamnyooshea kidole. "Wewe mkubwa. Umekula?"

Toribio akamtazama kwa macho mekundu. "Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Kaa hapo. Nyoosha mgongo. Na hiyo pua, unaipangusa kwa mkono? Mimi nilikufundisha hivyo?"

Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu ardhi ipasuke, itumeze sote na majeneza juu. Nikasubiri kusikia ngumi.

Nikasikia benchi linalia. Nilipofumbua macho, Toribio alikuwa amekaa, mgongo umenyooka, anatoa leso mfukoni. Akapenga kamasi, kisha akaanza kucheka huku analia, mabega yakitikisika.

"Hivyo hivyo," akawaambia dada zake. "Mama. Hivyo hivyo kabisa. Mnamsikia?"

"Na nyie," Erasmo akawageukia wale dada, "mnagombana mbele ya wageni? Subirini baba yenu arudi."

Baba yao alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. Waliangua kilio na kicheko kwa pamoja, wakamkumbatia Erasmo na suti yake. Jeneza walichagua kwa dakika mbili, la kahawia. Kisha Toribio akauliza nani ataongoza rozari leo, na Mzee Eligio akashika kichwa. Bi Chea, aliyekuwa akisalisha misiba yote ya upande wetu, alikuwa Santiago, mji wa jirani, anatengenezewa meno ya bandia. Bila meno alikuwa hatamki hata "Amina".

"Ninajua," akasema Erasmo.

Na kweli alijua. Saa kumi na moja jioni ile, uani kwa akina Toribio, aliongoza rozari ya marehemu bila kitabu, kwa mtindo wa zamani ambao wazee walikuwa wameusahau: litania nzima, na sala za kuvusha roho njia panda, na watakatifu ambao hata padri hakuwahi kuwasikia. Kati ya fungu na fungu aliwaambia wanaume waliokuwa nyuma waweke dhumna chini, na wanaume wakaweka. Bibi mmoja wa miaka tisini alimbusu mkono. Walimpa kuku wawili na mkungu wa ndizi. Akarudi nyumbani nao, mkungu begani, kuku wanamchafua koti.

Baba akatazama kuku. "Kusali si kazi," akasema. "Kila mtu anasali."

"Kamwambie padri hivyo," mama akamjibu.

"Nilisema kazi ina bosi. Bosi wake yuko wapi? Mungu?"

"Unamtaka mkubwa kuliko huyo?"

Kalenda baba hakuitoa. Ikafika tarehe sita. Asubuhi, tukiwa tunakunywa kahawa, Erasmo amevaa suti na sanduku lake limesimama mlangoni, Mzee Eligio akaingia anachechemea. Tangu jana yake familia mbili zilikuwa zimekuja kwake kuuliza habari za yule kijana anayegombeza wafiwa.

"Nimemwajiri," akasema. "Aanze leo."

"Unamgombeza?" baba akauliza.

"Mimi?" Mzee Eligio akacheka kwa uchungu. "Anselmo, jana kaniambia nikate kucha. Nimezikata."

Baba akamtazama Eligio, akamtazama Erasmo, akatazama viatu vyake mwenyewe. Akainuka akalibeba lile sanduku, akalirudisha chumbani. Mama akapiga magoti pale pale sakafuni kumshukuru Mungu, na kahawa ikachemka ikamwagika.

Akabaki kwetu Moca tangu siku hiyo. Kihispania alikuja kukijua vizuri, cha kisasa, pamoja na matusi ya mpira wa besiboli, lakini watu hawakukitaka. Akiingia kwenye msiba na kusema "poleni" kama mtu wa kawaida, wafiwa walinung'unika: "Bwana Erasmo, tuambie kama zamani." Basi anawaambia wafunge vifungo. Alimgombeza diwani, akamgombeza daktari, na mara moja alimwambia padri ajikaze kwenye mahubiri. Hilo liliandikiwa barua kwa askofu. Bi Chea aliporudi na meno yake walinuniana mwaka mzima, kisha wakagawana mitaa. Hakuoa. Alisema hajapata mwanamke anayeweza kukaa wima. Baba alipokuwa anakufa, mwaka 2003, Erasmo ndiye aliyemshika mkono, na siku hiyo hakumgombeza. Alisali tu, polepole. Mwenyezi Mungu amhesabie hilo.

Erasmo tulimzika Alhamisi, saa nne asubuhi. Jeneza lilitolewa na binti wa Mzee Eligio, ambaye ndiye mwenye karakana sasa. Misa ilikuwa fupi kwa sababu ya harusi iliyofuata. Wanaume sita walimbeba kwa zamu mpaka makaburini, na mvua ndogo ikanyesha tulipopita sokoni, ikakoma. Karani wa makaburi alifungua daftari, akauliza jina, umri, na marehemu ni mwenyeji wa wapi. Nikasema wa Moca. Akaandika Moca. Rozari niliongoza mimi, kwa kusoma kitabuni, na niliruka fungu moja bila kujua mpaka waliponiambia. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Fundi akaziba kwa matofali na saruji, akaandika jina na tarehe kwa ncha ya msumari kabla haijakauka. Tukasema raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, tukatoka kwa lango la chini.