Wasiwasi wa Nyumba Moja

Jumatatu asubuhi nilipata habari kwamba mama aliyeuza vitambaa jirani na kwetu Kariobangi amefariki kwa shinikizo la damu. Tulimzika alasiri hiyo hiyo, kama ilivyo ada ya Waislamu. Mtaani alijulikana kama mjane msafi kupita kiasi: angetia udhu, autilie shaka, aurudie, mpaka wenzake wamemaliza kuswali. Tuliita wasiwasi, tukacheka. Watoto wake wawili hatukuwacheka, tuliwahukumu. Binti alijing'oa nywele hadi utosi ukawa mabaka, tukasema ni utundu. Mvulana shingo ilimruka na koo likatoa mlio darasani, ikasemwa ana jini. Siku moja nilikuwa dukani mama alipomchapa kwa rula ya kupimia vitambaa, wateja wakitazama.

"Mathe, si mimi," kijana alisema. "Inakuja tu."

"Basi izuie."

Aliizuia kidogo, midomo ikimtetemeka, kisha ikamtoka kwa nguvu zaidi. Alipomaliza shule alihama, asirudi.

Miaka mingi baadaye binti alikwenda kliniki na mama yake, na daktari akauliza habari za nyumba nzima. Aliwaeleza kwamba maradhi yao matatu, pamoja na huo wasiwasi wa mama, ni mbalimbali, na mwenye moja si lazima apate jingine, lakini yana undugu na mara nyingi hukutana katika ukoo mmoja. Anayeng'oa nywele na anayerukwa na shingo husumbuliwa na msukumo usiotulia mpaka utiiwe. Mwenye wasiwasi husukumwa zaidi na hofu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu mama alikuwa amekilalia.

"Jirani, nilimchapa mwanangu kwa kitu ambacho pengine alikipata kwangu," aliniambia, mikono imechubuka kwa maji. Alimpigia simu kuomba radhi. Kijana alisikiliza kidogo, akakata kabla mama hajamaliza.

Mazikoni alikuja. Tulipokuwa tukijipanga kwa swala ya jeneza shingo ikaanza kumruka, na mzee mmoja akamwambia atulie, amheshimu marehemu.

"Kama ningeweza kutulia, mzee," alijibu taratibu, "ningekuwa bado naishi kwetu."

Maradhi yanayojificha mwilini tunayapeleka hospitali. Yanayojitokeza kama kitendo tunayaita tabia, na tabia tunaichapa. Kabla ya kumwambia mtoto aache, tumuulize inamjiaje. Huenda mzazi akajitambua katika jibu la mtoto, akapata muda wa kumwambia, "Hata mimi." Yule mama hakuupata.