Siku Nilipomsalimia Jirani Yangu

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Miaka miwili mizima sikumsalimia mama anayeuza nyanya nyuma ya kibanda changu, hapa sokoni Busia. Kisa ni maji. Nauza samaki wa Majanji, kule ziwani, na maji ya kuwaoshea nilikuwa namwaga kwenye mtaro ulio kati yetu. Akalalamika kwamba mtaro umeziba, unanuka na unazaa mbu. Nikamjibu vibaya, naye akanijibu, basi tukanuniana.

Kisha nikashikwa na homa. Kwetu homa ni malaria, hatuulizi mara mbili. Nikameza vidonge alivyobakiza mume wangu, nikajifunga leso, nikaenda kazini. Yaliyofuata nimesimuliwa tu, maana mimi sikumbuki. Nilisimama mbele ya jirani, nikatabasamu, nikasema, "Umeamkaje, dada yangu? Watoto hawajambo?"

Wateja walidhani tumepatana. Yeye aliziacha nyanya zake pale pale, akanishika mkono. "Huyu ni mgonjwa," akawaambia. "Akiwa na akili zake hawezi kunisalimia."

Akanipandisha bodaboda, akakaa nyuma akinishikilia, mpaka kituo cha afya. Kipimo kikaonyesha si malaria. Tukiwa bado pale nikapata degedege, wakanikimbiza hospitali, Tororo. Jirani hakuniachilia mkono njia nzima. Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; mimi alinifaa adui.

Nilipopata fahamu, daktari alinieleza kwamba ni kirusi cha mbu, kimepanda hadi kwenye ubongo. Dawa ya kukiua hawakuwa nayo. Walizuia degedege, wakanitundikia maji, wakangoja. Ningechelewa, alisema, watoto wangu wangelelewa na wengine. Siwezi kuapa kwamba ni mbu wa mtaro wetu. Lakini tumeuzibua pamoja, na maji ya samaki siku hizi nayabeba hadi kwenye shimo la maji machafu.

Mkono wa kulia bado unatetemeka, na majina ya watu hunipotea. Namshukuru Mungu, namshukuru na yule mama, ila kumwambia ndiyo ilikuwa kazi. Juzi nikajikaza, nikamwendea, nikasema kwa upole, "Dada yangu, asante. Niko hai kwa sababu yako."

Aliweka nyanya chini, akanigusa paji la uso, akanitazama machoni.

"Nitukane kidogo," akasema, "nijue uko mzima."

Nikamwambia nyanya zake zimeoza. Akaniachilia, akaketi, akalia.