Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Nyumbani kwetu Kigonsera mimi ndiye mwenye mdomo. Nikijibu, mama anasema nitakosa mume; nikicheka, anasema nasikika mpaka Mpepai. Kwa hiyo binti wa mama mdogo alipoletwa kwetu kuanza kidato cha kwanza, nilijua nimepata mwenzangu. Mama mdogo ameolewa ziwani, na likizo nilizokwenda huko nilimkuta binti yake ufukweni akinadi usipa, dagaa wa huko, kwa sauti ya kuwazidi wanaume, akibishana na wateja na kuwapachika majina ya utani mpaka wakanunua.

Huku milimani ulimi huohuo ulimponza. Kiswahili chake kilichanganyika na Kinyasa, na wenzake darasani walimwigiza kila alipofungua kinywa. Akapunguza maneno, kisha karibu ayaache kabisa. Mimi nilikuwa chuoni Songea, habari zake nikizipata kwa mama kwenye simu, tena kwa majivuno. "Mdogo wako ametulia. Akirudi shule hata hujui kama kaingia. Ungekuwa nusu yake!" Nikamuuliza kama anacheka. Mama akaniambia nisimletee mambo ya chuoni.

Kwetu binti akiwa kimya anahesabiwa ana adabu, na baada ya misa akina mama walikuwa wakimuuliza mama amemlea vipi. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto mwenyewe hali yake akasubiri jibu.

Likizo ya Juni nilikuwa nyumbani wakati mwalimu wake wa darasa alipotutembelea, mwanamke mtu wa Mara asiyezungusha maneno. Mdogo wangu alipiga magoti, akamnawisha mikono, akaondoka na beseni.

"Mama, huyu mtoto haongei," mwalimu alisema. "Mapumziko wenzake wakitoka, yeye anabaki darasani. Nimewaona wengi wakianza hivi, mwisho wanaacha shule."

"Mwalimu, si hapo tumshukuru Mungu? Hana makundi, hana simu, hana habari na wavulana."

"Sijaja kumsifu, mama. Likizo hii msimwache peke yake. Mchanganyeni na watu, hata kama atagombana nao."

Mama alicheka kwa heshima, akamfungashia maharage. Nilipodakia kwamba mwalimu anasema kweli, niliambiwa nikaangalie mboga jikoni.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Kuchuma kwetu ni kazi ya midomo kama ilivyo ya mikono: watu wanasimuliana, wanataniana, wanasengenya majirani kutwa nzima. Hapo ndipo mdogo wangu angefaa kuwa. Lakini mama alitaka kumpa zawadi kwa tabia yake njema, akampa kazi inayohesabiwa nyepesi: kubaki nyumbani kuangalia kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja, kuigeuza, kutoa punje mbovu na kuifunika ukungu ukishuka. Nilimwomba mama tubadilishane, mimi nibaki, yeye aende shambani. Akasema nakwepa kazi. Jioni tukirudi tulimkuta amejifunika kitenge kwa baridi, mikono ndani ya kahawa. Nilimkumbusha vituko vyake vya ufukweni. Alitabasamu ili asinivunjie heshima, basi.

Shule ilipofunguliwa, sare yake ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa ukutani. Mama alimwita, hakuja. Tukamkuta kwenye vichanja anageuza kahawa, amevaa nguo za nyumbani. Mama alianza kwa kufoka, akatishia fimbo. Mtoto aliinamisha kichwa tu. Mwishowe sauti ya mama ikabadilika.

"Mwanangu, nani kakuudhi? Niambie. Nijibu hata kwa jeuri, nitukane ukitaka, lakini useme."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtoto amjibu kwa jeuri. Zamani ningemcheka. Siku hiyo nilimwonea huruma, na nilitamani sana kwamba mimi na mwalimu tuwe tumekosea.

Mdogo wangu alishuka akapiga magoti vizuri, kama tulivyomfundisha. "Hakuna aliyeniudhi, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Shikamoo."

Kisha akainuka, akaendelea kugeuza kahawa.