Theluthi ya Siku ya Mwalimu Xavery

Xavery Ndunguru wa Lipingo alisoma seminari miaka mitatu, akafukuzwa kwa kiburi, na kiburi ndicho kitu pekee alichorudi nacho nyumbani. Kijiji cha ujamaa kilipoanzisha kisomo cha watu wazima, kazi akapewa yeye kwa kukosa mwingine. Akawa anawafundisha wavuvi na wake zao herufi huku akiwaita mbuzi. Wakachoka. Mwaka 1974 mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tarsisi, akamwambia waziwazi kwamba Juni hiyo atatafutwa mwalimu mwingine.

Bila kisomo, Xavery asingeitwa Mwalimu tena. Angekuwa mvivu tu asiyejua hata kushona wavu uliochanika. Basi akafukua daftari lake la seminari. Humo alikuwa ameandika kwamba mwezi ukipatwa, kupatwa kwa namna ileile hurudi baada ya miaka kumi na minane, siku kumi na moja na theluthi ya siku. Tarehe 24 Mei, 1956, aliuona kwa macho yake ukichomoza jioni umeshaliwa, umebaki kijisehemu. Akahesabu, akapata Juni 4, akawasomea hayo darasani na kutangaza kwamba jioni hiyo mwezi utapatwa. Theluthi akaitupa kama ganda la muhogo, kwani mbuzi watajua nini habari za theluthi? Tadea, mama wa watoto wanne na mwanafunzi hodari kuliko wote, akauliza kwa adabu theluthi hiyo ni saa ngapi. Xavery akamwambia akasonge ugali.

Jioni ile kijiji kizima kilikuja ufukoni. Hata wavuvi walikuwepo, maana kwenye mbalamwezi usipa, dagaa wa ziwani, haufuati taa. Mwezi ukachomoza juu ya milima, mzima, mweupe. Watu wakangoja, wakangoja, kisha wakacheka, na alistahili kuchekwa. Akaenda zake nyumbani akajifungia kwa komeo.

Saa saba usiku mlango ukagongwa. Alikuwa Tadea.

"Mwalimu, toka uone. Umepatwa."

Xavery akadhani wanakijiji wamekuja kumalizia kicheko chao. "Nendeni mkalale, mbuzi ninyi."

Hapo ndipo alipoona kwamba mwanga uliokuwa ukipenya kwenye ufa wa mlango umefifia. Akamsikia Tadea akiwaeleza watu kwamba dunia imesimama kati ya jua na mwezi; kwamba theluthi ya siku ni muda wa saa nane, ndiyo maana ule wa zamani ulikuja jioni na huu umekuja usiku; na kwamba utakaofuata, baada ya miaka mingine kumi na minane, utakuja asubuhi, mwezi umeshatua, Lipingo hawatauona. Bibi Walburga, mmoja wa wanafunzi wazee, hakuelewa. Tadea akamweleza tena, polepole, bila tusi.

"Nani kakufundisha haya?" akauliza Mzee Tarsisi.

"Mwalimu."

"Basi kuanzia kesho utatufundisha wewe."

Mkono wa Xavery ulikuwa tayari juu ya komeo. Angelivuta, angetoka mshindi, na watu wangempa mkono. Lakini aliona aibu kusimama mbele yao. Akabaki gizani mpaka wote walipokwenda kulala, na mwezi wenyewe hakuuona.